Ernst Scharrer na Samaki Mdogo wa Mtoni

Ernst Scharrer alizaliwa München, Ujerumani, mwaka 1905. Alisoma elimu ya wanyama chini ya Karl von Frisch, mtaalamu aliyekuja kusifika kwa utafiti wake juu ya nyuki.

Mwaka 1928, akiwa bado kijana, alichunguza kwa hadubini ubongo wa samaki mdogo wa mtoni. Katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo iliyo juu ya tezi ya pituitari, aliona seli za neva zenye vitone kama vya seli za tezi. Akatoa hoja kwamba seli hizo ni neva na tezi kwa pamoja, yaani zinatengeneza homoni.

Wengi walimkatalia. Waliamini kwamba neva hupeleka ishara, nayo tezi hutoa homoni, wala kitu kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili. Wengine walidai vitone vile ni dalili ya seli zinazokufa.

Mwaka 1934 alimwoa Berta Vogel, mwanasayansi mwenzake. Waligawana kazi: Ernst akachunguza wanyama wenye uti wa mgongo, Berta wasio nao, wakiwemo mende. Mwaka 1937 waliihama Ujerumani kwa kuuchukia utawala wa Hitler, wakaanza upya Marekani wakiwa na fedha kidogo sana. Kwa miaka mingi Berta alifanya utafiti bila mshahara.

Mwaka 1949 Wolfgang Bargmann alitumia rangi maalumu iliyoonyesha vitone hivyo kuanzia haipothalamasi hadi sehemu ya nyuma ya pituitari. Upinzani ukaanza kupoa. Leo tunajua kwamba kwa binadamu, homoni za ubongo hufika sehemu ya mbele ya tezi hiyo kwa njia ya damu. Lakini kwa samaki wengi wenye mifupa, nyuzi za neva huingia ndani ya tezi yenyewe.

Ernst alikufa maji Florida mwaka 1965. Berta aliendelea na kazi yao kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1995.

Sisi tunaosoma falsafa hupenda kuviweka vitu katika makundi, na ni lazima tufanye hivyo. Maisha ya Scharrer yanatukumbusha kwamba kundi hufuata kitu kilivyo. Samaki yule hakuwa na kosa. Mgawanyo wetu ndio uliopaswa kurekebishwa.