Aliitwa Mtumwa, akafa akiitwa Siti

Hebu anza na jina lako. Bila shaka mtu alikaa akalifikiria. Labda wewe ni Achieng' kwa sababu ulizaliwa jua likiwaka, au Okoth kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Sasa fikiria ungekuwa unaitwa Mtumwa. Si jina la utani la mtaani, la hasha. Jina ulilopewa utotoni, ambalo mama yako analitumia akikuita uje kula.

Hilo ndilo jina alilokulia binti mmoja wa kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Alizaliwa mwaka 1880 hivi. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Asili yao ilikuwa bara, na wote wawili walikuwa wamepitia utumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Kwa hiyo binti huyu alikuwa karibu kuwa mtu mzima siku sheria ilipokubali kwamba watu wa aina yake ni watu huru.

Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Kama una dani kijijini, unakijua chungu kile cha dapi kinachokaa kwenye kona ya nyumba na kuweka maji baridi hata jua likiwaka vipi. Unajua pia kwamba mfinyanzi mara nyingi ni mwanamke, na kwamba kufinyanga ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuvifikisha sokoni bila kuvivunja. Mtumwa alijifunza kufinyanga kwa mama yake, kisha akawa anajitwika vyungu kichwani na kwenda kuviuza. Kutoka Fumba hadi mjini ni karibu kilomita 20. Ni kama utoke Ahero kwa miguu hadi Kibuye, upunguze kidogo, na huko kichwani una mzigo ambao ukijikwaa mara moja tu umekula hasara.

Mteja atajuaje kwamba umefika? Unapaza sauti. Yeye hakuwa anapiga kelele tu, alikuwa anaimba. Watu wakaanza kumtambua kwa sauti kabla hata hawajaviona vyungu. Shule hakuwahi kuingia, kwa hiyo kusoma na kuandika hakujua. Tangazo lake lilikuwa koo lake.

Mwaka 1911 akahamia mjini Zanzibar. Kupima wakati, kumbuka reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu miaka kumi kabla, mwaka 1901. Huko mjini mwanamuziki mmoja, Ali Muhsin, alimsikia akaona hii si sauti ya kuachwa ipotee barabarani. Akamfundisha kuimba kwa ala na kumwonyesha namna ya kupiga udi. Baadaye akaingia katika kundi la wanamuziki wanaume, wakiwemo Subeti Ambari, Budda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Mwanamke mmoja katikati ya wanaume, tena mbele ya watu. Kwa Zanzibar ya siku hizo halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Mjini ndiko alikopata jina jipya, Siti. Maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti! Lakini usidhani mji mzima ulimpigia makofi. Taarab ilikuwa mali ya wakubwa. Tangu enzi za Sultani Barghash ilikuwa imechezwa katika kasri, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Halafu anatokea huyu wa shamba, binti wa watumwa, ambaye hata uzuri wa sura wanaotaka wao hana. Wapinzani wakamtungia wimbo wa kumkejeli: alikuja mjini na kaniki tu, na kama si sauti angekula nini?

Wewe ungefanyaje? Leo mtu akikuandikia maneno kama hayo mtandaoni utamblock, au utabishana naye hadi bando liishe. Siti alijibu kwa kazi ileile anayoijua. Akaimba kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu mtu akikosa akili. Jibu lake likavuma kuliko matusi yenyewe, na matusi tunayakumbuka leo kwa sababu yake tu.

Jambo kubwa zaidi alilofanya ni la lugha. Kiarabu cha kuimbia alikijua, na alialikwa kwa Sultani na kwa matajiri. Angeweza kubaki huko akala vizuri maisha yake yote. Lakini nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida ng'ambo ya mji wa mawe: wachukuzi, wapishi, wachuuzi, watu waliokuwa watumwa jana tu. Jioni kundi lilikuwa linakutana kwake kufanya mazoezi, na majirani wanajaa kusikiliza. Hao aliwaimbia Kiswahili, lugha wanayogombania na kuchumbiana kwayo.

Na hakuwaimbia mapenzi peke yake. Nyimbo zake zilikuwa kama taarifa ya habari. Kuna mkasa wa mwanaume aliyeitwa Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni aliyekuja kutembea Unguja. Kijiti akatorokea bara, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio walioadhibiwa na mahakama. Siti na wenzake wakaugeuza mkasa huo wimbo. Hakimu alikuwa amefunga faili, lakini mtaani jina la Kijiti likaendelea kutajwa kila harusi na kila kikao. Kwa mwanamke maskini wa enzi ya mkoloni, ambaye mahakama haikumsikiliza, wimbo huo ulikuwa rufaa yake.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ikamwita Bombay, India, pamoja na kundi lake. Wakapanda meli wakavuka bahari, wakaimba mbele ya mashine. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi sahani za santuri. Na aliimba Kiswahili. Kampuni zilikuwa zimezoea kuwauzia watu wa pwani muziki wa Misri na wa India. Sasa mtu akawa anaizungusha gramafoni kwa mkono na kusikia lugha yake mwenyewe ikitoka ndani. Kufikia mwaka 1931 makumi ya maelfu ya sahani za muziki wa Zanzibar yalikuwa yameuzwa, na jina lililozibeba zaidi ya mengine lilikuwa lake. Zilisikika hata kwenye miji ambayo yeye hakuwahi kukanyaga.

Alifariki Julai mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Mwandishi Shaaban Robert alikutana naye mwishoni mwa maisha yake, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kwa hiyo mama asiyejua kusoma akaingia katika vitabu vinavyosomwa shuleni. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizibeba nyimbo zake hadi majukwaa ya Ulaya. Na chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti.

Najua utaniuliza, sisi wa ziwani taarab inatuhusu nini? Sikiza. Hapa Kisumu kuna kijana anayetunga mistari kwa Dholuo na Kiswahili kule Manyatta au Nyalenda, na kila siku anaambiwa aimbe kwa Kiingereza kama anataka kufika mbali. Kuna msichana anayeambiwa jukwaa si la mtu wa kwao, au sura yake haifai kamera. Labda ni wewe. Siti aliambiwa yote hayo karibu miaka mia moja iliyopita, na hakusubiri ruhusa ya mtu.

Baadhi ya rekodi zake bado zipo mtandaoni. Zimechakaa, zinakwaruza, na mwanzoni utahangaika kuyashika maneno. Zitafute leo usiku na uzipe dakika tatu tu. Kisha Jumapili ukipita Kibuye, ukimsikia mama anauza vyungu huku akiimba, usipite mbio. Simama kidogo, umsikilize. Na kama una hela, nunua kimoja.