Askofu Payne na Shule Iliyofungwa

Mwaka 1829, mjini Charleston, kusini mwa Marekani, kijana Mweusi wa miaka 18 alifungua shule. Jina lake Daniel Alexander Payne, mwana wa wazazi huru. Alianza na watoto watatu mchana na watumwa watatu watu wazima usiku, kila mmoja akilipa senti 50 kwa mwezi.

Shule ikastawi, na kustawi huko ndiko kulikoiponza. Desemba 1834 watunga sheria wa South Carolina walipiga marufuku shule za namna hiyo. Wenye mashamba na mijeledi waliogopa kitabu! Payne akaifunga mwaka 1835, akahamia kaskazini, akasomea uchungaji. Mwaka 1852 alichaguliwa kuwa askofu wa Kanisa la A.M.E., ambamo alishikilia kwamba mchungaji sharti awe msomi, ingawa wengi walimchukia kwa neno hilo.

Aprili 1862 alimwendea Rais Lincoln kumhimiza atie sahihi sheria ya kuwaacha huru watumwa wa Washington. Machi 1863 alikinunua Chuo cha Wilberforce, Ohio, kwa dola 10,000, ilhali hakuwa na fedha hizo mkononi. Jengo lake likateketea Aprili 14, 1865, siku ile ile aliyopigwa risasi Lincoln. Payne akalijenga upya, na akakiongoza chuo hadi 1876.

Mei 1865 alikuwa amerejea Charleston, baada ya miaka 30. Watoto Weusi wa mji ule walikuwa wameanza kwenda shule mchana, mbele ya macho ya watu wote.