Bibi Aliyefuata Safari ya Sukari Mwilini

Kila Ramadhani huniijia swali moja. Mtu amekula daku, ameshinda na saumu kazini mchana kutwa, na ikifika Magharibi miguu yake bado ina nguvu za kumfikisha msikitini. Nguvu hizo zilikuwa zimewekwa wapi? Leo nawasimulia wasomaji maisha ya bibi aliyelitafutia jibu swali kama hilo.

Aliitwa Gerty Cori, mzaliwa wa Prague, mwaka 1896. Alisomea udaktari mjini humo, akakutana na mwanafunzi mwenzake, Carl Cori. Walioana mwaka 1920, na mwaka 1922 wakahamia Buffalo, Marekani.

Mwaka 1929 walieleza mzunguko ambao hadi leo huitwa kwa jina lao. Ini na misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Misuli ikifanya kazi ya nguvu huivunja akiba yake, ikatoa asidi ya laktiki. Damu huichukua asidi hiyo hadi kwenye ini, nalo huigeuza kuwa sukari tena na kuirudisha kwenye misuli. Kilichoonekana kuwa taka kumbe ni mali! Na mchana wa saumu, ini ndilo linalofungua ghala na kuilisha damu.

Lakini kazi hiyo haikumletea heshima upesi. Chuo kimoja kilichotaka kumwajiri mumewe kilimwambia bibi huyu kuwa anamharibia mume kwa kufanya kazi naye. Walipohamia St. Louis mwaka 1931, mume alifanywa mkuu wa idara. Mke alipewa kazi ya utafiti kwa mshahara wa sehemu moja ya kumi ya ule wa mumewe. Hakususa. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1947, mwaka uleule walipotunukiwa Nobel pamoja na Bernardo Houssay wa Argentina. Akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo katika tiba.

Mwaka huohuo aligundulika kuwa na maradhi mabaya ya uboho. Aliishi miaka kumi zaidi akiongezwa damu, na miaka hiyo aliitumia kuwatafiti watoto wanaozaliwa na maradhi ya kulimbikiza glikojeni. Mwaka 1952 yeye na mumewe walionyesha kuwa aina moja ya maradhi hayo hutokana na kukosekana kwa kimeng'enya kimoja tu katika ini. Aina nyingine, inayodhuru ini na misuli, huitwa kwa jina la Cori.

Maabara yao ilikuwa chuo ndani ya chuo. Watafiti sita waliopitia humo walipata Nobel baadaye, miongoni mwao Arthur Kornberg, Severo Ochoa na Luis Leloir.

Gerty Cori alifariki tarehe 26 Oktoba 1957. Wahenga wetu walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nami naongeza: bibi huyu alichokipata ufukweni hakukila peke yake. Kila mtoto ambaye leo maradhi yake yanajulikana asili, amegawiwa fungu lake.