Hattie McDaniel: Kijakazi wa filamuni aliyenyimwa kaburi Hollywood

LUPITA Nyong'o alipotwaa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike mnamo 2014, alipita njia iliyofyekwa miaka 74 awali na Hattie McDaniel, binti wa wazazi waliozaliwa utumwani.

Hattie alizaliwa 1893 mjini Wichita, Marekani, akalelewa Colorado. Aliacha shule mapema, akawa akiimba na kuchekesha jukwaani pamoja na nduguze. Mdororo wa uchumi wa 1929 ulipomkosesha kazi, alihudumu msalani katika klabu moja mjini Milwaukee hadi aliporuhusiwa kuimba. Mnamo 1931 alihamia Los Angeles, na filamu zilipoadimika alijikimu kwa utumishi wa nyumbani.

Hata filamuni alivishwa aproni ya kijakazi. Baadhi ya Weusi wenzake walimlaumu, lakini yeye aliona heri kulipwa kwa kuuigiza utumishi kuliko kuurudia.

Nafasi kama hiyo katika Gone with the Wind (1939) ndiyo iliyomletea Oscar mnamo Februari 29, 1940, akawa Mweusi wa kwanza kuishinda. Usiku huo aliketishwa kando, mbali na waigizaji wenzake, kwa kuwa hoteli ile haikupokea Weusi.

Alifariki Oktoba 26, 1952. Alikuwa ameusia azikwe katika makaburi ya Hollywood, lakini wenyewe wakakataa kwa sababu ya rangi yake, akazikwa Rosedale. Jiwe la kumbukumbu yake liliwekwa Hollywood mwaka wa 1999.