Nasib Bundo wa Gosha

Ukisikia Wabantu wa Somalia pengine wawaza Dadaab na mahema tu. Hebu twende ng'ambo ya mpaka wetu, bonde la mto Juba, tumtazame Nasib Bundo.

Karne ya 19, Wayao, Wamakua, Wangindo na Wazigua walibebwa kwa majahazi kutoka pwani za Tanzania na Msumbiji za leo, wakauzwa huko Benadir, wakalimishwa mashamba ya mto Shabelle. Waliotoroka wakakimbilia Gosha, maana yake msitu. Kwa nini msitu? Mbung'o! Mfugaji hawezi kupeleka ng'ombe wala ngamia wake huko, kwa hivyo mdudu yule aliyeogopwa ndiye aliyewapa amani. Wakafyeka, wakapanda mahindi na ufuta. Mwanzo kila kabila lilijenga kijiji chake. Wazigua mpaka leo humsimulia Wanankhucha, mama aliyewaongoza kutoka utumwani.

Nasib alikuwa Myao, naye alionja utumwa. Sasa fikiria, nchi ile mtu hulindwa na ukoo wake. Yeye ukoo ataupata wapi? Akaviunganisha vijiji vingi chini yake, na miaka ya 1880 alikuwa ndiye mkubwa wa Gosha, watu wakimwita sultani. Bunduki wakazipata kwa biashara, wakaweza kupigana na Waogaden waliokuwa wakiwavamia. Usidhani wote walimkubali lakini. Wazigua walikuwa na wakubwa wao, na kusema kweli, hata Gosha kwenyewe wako waliomiliki watumwa. Hilo lanitatiza, ila ndivyo ilivyokuwa.

Waitaliano wakaja. Wakamkamata, akafia gerezani Mogadishu mwaka wa 1906. Miaka ya 1930 watu wa bonde lile wakalazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya Waitaliano, ya ndizi na pamba. Yaani wajukuu wa watoro, jembe la mwingine tena!

Kisha vita vya 1991. Wanamgambo walikwenda moja kwa moja kwa wakulima hawa kwa sababu ndio waliokuwa na chakula ghalani, na safari hii hawakuwa na bunduki wala ukoo wa kuwatetea. Mahindi yakabebwa, watu wakauawa, waliosalia wakatembea kwa miguu hadi Kenya. Ndio hao wa mahema ya Dadaab.