Jaap Eden: Bingwa wa Barafu na wa Baiskeli

Jaap Eden alizaliwa Groningen, Uholanzi, mwaka 1873, akakulia karibu na Haarlem, katika nchi ambayo mifereji ikiganda hugeuka njia za watu wavaao viatu vya kutelezea. Mwaka 1893, mjini Amsterdam, alishinda mashindano ya kwanza ya dunia yaliyosimamiwa na chama cha kimataifa cha mchezo huo, kilichoundwa mwaka uliotangulia. Kanuni zilikuwa kali: bingwa alipaswa kushinda mbio tatu kati ya nne, yaani mita 500, 1500, 5000 na 10000. Eden aliupata tena ubingwa huo mwaka 1895 huko Hamar, Norway, na mwaka 1896 huko St. Petersburg, Urusi. Muda wake wa mita 10000 huko Hamar, dakika 17 na sekunde 56, ulidumu kama rekodi ya dunia hadi mwaka 1900.

Aidha, mwaka 1894 na 1895 alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli. Hapo ndipo palipozuka mgongano. Mchezo wa barafu ulikuwa wa ridhaa, ilhali baiskeli ilikuwa na ujira. Na aliyepokea ujira alifungiwa mlango wa ridhaa. Eden alichagua ujira, akaiacha barafu angali kijana. Fedha hazikudumu. Alifariki Haarlem mwaka 1925, akiwa fukara mwenye umri wa miaka 51. Uwanja wa barafu uliofunguliwa Amsterdam mwaka 1961 ulipewa jina lake.