Apolo Kivebulaya, mwalimu aliyenunua jembe

 

Jumamosi moja, wakati wa chai, mmoja wenu aliniuliza kwetu ni wapi hasa: hapa Toronto au kule nilikozaliwa. Nilicheka tu nikammiminia chai, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Leo nataka kumjibu, na wewe usikilize pia. Nitakusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye wale wenye wazazi kutoka Uganda na Kongo huenda wamewahi kumsikia kanisani.

Alizaliwa Buganda mnamo mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa. Ujanani alisoma dini ya Kiislamu, akapitia vita vya dini vilivyoitikisa Buganda miaka ile, kisha akawa Mkristo. Alibatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Watu wakamwongezea jina la utani, Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya koti la Kizungu alilopenda kuvaa. Sikiliza vizuri: Bulaya ya Kiganda ndiyo Ulaya yetu.

Mwaka 1896, akiwa mwalimu wa dini katika ufalme wa Toro, alikubali kwenda Mboga. Tafuta kwenye ramani mto Semliki, chini ya milima ya Rwenzori. Mboga iko ng'ambo yake, karibu na msitu mkubwa wa Ituri. Walimu wawili walikuwa wamemtangulia huko, wakanyimwa chakula mpaka wakaondoka. Apolo alipopata habari hizo hakukataa safari. Alinunua jembe. Kama wenyeji hawatanipa chakula, aliwaza, nitalima mwenyewe.

Usidhani mambo yalikuwa mepesi. Chifu wa Mboga, Tabaro, hakuyapenda mafundisho yake. Apolo alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Wakati wa kukata nyasi za kujengea kanisa, dada yake chifu aliangukia mkuki uliokuwa umefichika majanini, akafa. Apolo akashtakiwa kwa kifo hicho, akafungwa minyororo na kupelekwa gerezani Toro. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku zile za taabu alimwona Yesu katika maono akimwambia asiogope.

Alipoachiliwa, angeweza kurudi kwao Buganda, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Mboga. Na Tabaro, yule yule chifu, mwishowe alibatizwa akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitumika miaka kadhaa Toro, lakini moyo wake ulibaki ng'ambo ya mto. Wazungu walipochora mpaka upya, Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Kwa hiyo alipohamia tena kule, alikuwa mgeni katika nchi nyingine kabisa. Hata mwaka 1922 alipopewa cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, hakuhamia mjini. Aliendelea kulima, kufundisha kusoma, na kuingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi ambao majirani wengi waliwadharau. Yeye aliketi nao. Mke wake alikuwa amefariki zamani, naye hakuoa tena. Familia yake ikawa watu wa Mboga.

Alifariki huko huko Mboga tarehe 30 Mei 1933. Wosia wake uliwashangaza wengi. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, badala ya mashariki, kwao Buganda. Hata kaburini alitaka kuelekea kwenye kazi iliyokuwa bado haijaisha. Leo kijiji hicho huitwa Boga, na Waanglikana wa Kongo humhesabu Apolo kuwa ndiye aliyelianzisha kanisa lao.

Mimi ni muuguzi. Usiku wodini nimekaa na wazee wengi waliotoka mbali, na mara nyingi mawazo yao huelekea kule walikozaliwa. Siwalaumu, hata mimi nimelia kwa kukumbuka nyumbani, hasa majira yangu ya baridi ya kwanza hapa. Lakini Apolo amenifundisha kwamba kuridhika hakukumngoja mahali pazuri. Kulikuja polepole, jinsi alivyolima, alivyofundisha, na alivyokubali kuwa wa watu waliomkataa mwanzoni. Wala hakuacha kuwa Mganda: shajara yake aliiandika kwa Kiganda mpaka uzeeni.

Basi mwanangu uliyeniuliza, hili ndilo jibu langu. Kwetu ni kule nilikozaliwa, na kwetu ni hapa ninapowahudumia wagonjwa na kukufundisha wewe. Lugha yangu nimekuja nayo, kama Apolo alivyobeba jembe lake.

Kazi ya nyumbani: muulize mzazi au bibi yako ni kitu gani alichokuja nacho Kanada ambacho bado anakitumia. Andika sentensi tano kwa Kiswahili. Wazazi, msiwaandikie!

Tuonane Jumamosi.